Wale wa "Si"

Mwalimu mgeni akifungua daftari la mahudhurio Tunduma, hukutana na mtihani wake wa kwanza: Simbeye, Sichone, Silwimba, Siame, Simwinga, halafu Simbeye tena. Majina mengi ya Kinyamwanga huanza hivyo, na mpaka hauyazuii; ukivuka Nakonde, upande wa Zambia, ni yale yale. Ukiita ukoo peke yake, wanasimama wanne.

Hongera kwa walimu wasioishia kwenye "wewe wa dirishani". Wetu alichora madawati yote kwa penseli, kila dawati na majina yake. Madaftari aliyosahihisha aliyagawa mwenyewe, akitaja jina huku akimtazama mtoto usoni. Alikosea, tukacheka, akarudia. Chuo kikuu nilikokwenda baadaye, nilikuwa namba ya usajili.