Je, Nywele Hufunzwa? Uhakiki wa Istilahi Mbili za Utunzaji wa Nywele za Asili

Ukurasa huu umezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunaomba ruhusa ya msomaji tuhakiki kitu kisicho na jalada, yaani lugha inayotumiwa na wanawake wenye nywele za asili wanapojadiliana namna ya kuzitunza. Sababu yetu ni ya kikazi. Katika somo la tafsiri, wanafunzi wetu wamekuwa wakileta maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa za mafuta na sabuni za nywele, na kutuuliza Kiswahili chake. Istilahi mbili zimetusumbua kuliko zote. Ya kwanza ni ile ya kuzipanga nywele kwa namba na herufi kulingana na mkunjo wake. Ya pili ni ile ya "kuzifunza" nywele kwa joto mpaka mkunjo ulegee.

Istilahi zote mbili zimezua ubishi mkali miongoni mwa wanawake weusi wa Marekani, na ubishi huo umefika kwenye saluni na mabweni ya huku kwetu Uganda. Kwa kawaida hujadiliwa kama mambo mawili mbalimbali. Hoja yetu ni kwamba yana mzizi mmoja. Mwalimu wa Kiswahili akizitafsiri istilahi hizi neno kwa neno, ataingiza darasani ngazi ya kupimia watu bila kukusudia.

Namba na herufi

Mfumo wa namba unaojulikana zaidi ulitolewa na Andre Walker, mtengenezaji wa nywele wa mtangazaji Oprah Winfrey, katika kitabu chake cha mwaka 1997. Aligawa nywele za binadamu katika makundi manne: 1 ni zilizonyooka, 2 ni za mawimbi, 3 ni za kujikunja, na 4 ni zile zilizojisokota sana. Makundi hayo yaligawanywa tena kwa herufi. Kundi la nne lilikuwa na A na B tu. 4C iliongezwa baadaye na wanawake wenyewe, kwa kuwa wengi hawakujiona katika 4A wala 4B.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Kwa muda mrefu, vitabu na viwanda vya vipodozi vilizungumzia nywele kana kwamba watu wote wana nywele za namna moja. Mwanamke aliyeacha dawa za kunyoosha alikuwa hana pa kuanzia. Namba ilimwezesha kumtafuta mwenzake mwenye nywele kama zake na kumuuliza anatumia nini. Kwa watu walionyimwa maneno ya kujieleza, hata namba ni sauti.

Lakini tuutazame mfumo wenyewe kama tunavyoitazama istilahi yoyote. Kwanza, je, unaeleza unachodai kueleza? Kichwa kimoja huweza kuwa na mikunjo ya namna mbili au tatu: utosini namna moja, kisogoni namna nyingine. Aidha, namba hizi hazisemi lolote juu ya wembamba wa unywele, wingi wa nywele kichwani, wala jinsi zinavyofyonza maji. Watunzaji wengi wanakubali kwamba mambo hayo ndiyo yanayoamua mafuta gani yafae kuliko umbo la mkunjo.

Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, neno "aina" katika Kiswahili halina juu wala chini. Aina za ndizi ni matoke, bogoya na nyinginezo, na hakuna ndizi ya kwanza wala ya mwisho. Ukiweka namba mahali pa jina, aina hugeuka daraja. Moja hutangulia, nne hufuata, na C huja nyuma ya A. Atakayesema kwamba namba ni alama tu na ajiulize kwa nini nywele zilizonyooka ndizo zilizopewa 1. Hata mfumo wa watafiti wa kampuni ya L'Oréal, uliochapishwa mwaka 2007 baada ya kupima nywele za watu kutoka nchi 18, una aina nane zinazoanzia kwenye zilizonyooka na kuishia kwenye zilizosokotana. Watafiti hao walipima kipenyo cha mkunjo na idadi ya mawimbi kwa makini, lakini mwelekeo wa kuhesabu ulibaki ule ule.

Mwaka 2011, Walker mwenyewe alipohojiwa na jarida la Elle, alisema kwamba nywele zilizojisokota sana zina mitindo michache, na kwamba ni hizo tu ambazo angeshauri zibadilishwe kwa dawa. Wengi walikasirika. Sisi tunaona kwamba kauli hiyo iliweka wazi kile ambacho mpangilio wa namba ulikuwa umekwisha kukisema kimyakimya.

Joto na kufunza

Tuje kwenye istilahi ya pili. Tendo lenyewe ni kupitisha pasi ya moto kwenye nywele mara kwa mara, kwa miezi kadhaa, hadi zinapooshwa zisijikunje tena kama zamani. Kwa Kiingereza tendo hili limepewa kitenzi kile kile kinachotumika kwa mwalimu wa michezo anapofundisha timu, na kwa mfugaji anapomzoeza mbwa kutii. Wanafunzi wetu walijaribu "mafunzo ya joto", wengine "kuzoeza nywele moto". Tulipowauliza nani anafunzwa, darasa lilinyamaza.

Ukimya huo ulikuwa na maana. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai. Umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake hushikiliwa na viungo vya namna mbalimbali. Vipo viungo dhaifu vya haidrojeni, ambavyo huachia kwa maji au joto na kushikana tena. Ndiyo maana nywele zilizonyooshwa hurudi zikilowa. Vipo pia viungo imara vya salfa, ambavyo dawa za kunyoosha huvikata. Pasi nyingi za nywele hufikia nyuzi 200 za selsiasi na zaidi. Joto kali la namna hiyo likirudiwa, protini yenyewe huharibika, na mkunjo haurudi. Unywele haukujifunza kunyooka. Umepoteza uwezo wa kujikunja.

Ushahidi mwepesi zaidi uko kwenye shina. Nywele hukua takribani sentimeta moja kwa mwezi, na mkunjo wake hutokana na umbo la kishimo cha ngozi unamoota. Unywele mpya hutoka na mkunjo wake kamili, hata kama ule wa mbele yake umepigwa pasi mwaka mzima. Mwanafunzi aliyefunzwa hubaki na alichofunzwa. Kichwa hiki kila mwezi huanza upya. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini huyu anakunjuliwa akiwa amekwisha kukauka.

Je, basi tuungane na wale wanaosema kwamba kufunza kwa joto ni jina la heshima la kuunguza? Kwa upande wa kemia, ndiyo, wana haki. Hata hivyo, lugha yao nayo inahitaji kuhakikiwa. Mara nyingi hawaishii kwenye unywele. Humhukumu mwenye kichwa. Mwanamke aliyelegeza mkunjo wake huambiwa ameikana asili yake. Hapa Kiswahili kinawasaidia isivyo haki, kwa sababu neno "asili" hubeba mambo mawili: jinsi kitu kilivyo kabla ya kuguswa, na mahali mtu alikotoka. "Nywele za asili" katika maana ya kwanza ni maelezo. Katika maana ya pili ni kiapo. Mtu asilazimishwe kula kiapo kwa sababu ya kuchagua kitana.

Isitoshe, wapo walioanza kutumia joto wakikimbia dawa. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 33,497. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia walionekana kuwa na hatari zaidi ya maradufu ya kupata saratani ya mji wa mimba. Uhusiano wa namna hiyo si uthibitisho wa chanzo, lakini mtu akichagua pasi badala ya dawa kwa hofu hiyo, anastahili kujibiwa kwa maelezo, si kwa kejeli. Anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba joto litalegeza mkunjo, huenda usirudi, na dawa yake itakuwa mkasi. Akishaambiwa hivyo, uamuzi ni wake.

Mzizi mmoja

Sasa tuziweke istilahi mbili pamoja. Ya kwanza inajenga ngazi kutoka 4 hadi 1. Ya pili inatoa kitenzi cha kupanda ngazi hiyo. Hakuna anayezungumzia "kufunza" nywele zilizonyooka ili zijikunje. Zikitiwa mawimbi huitwa mapambo tu. Ni nywele zilizojisokota peke yake ndizo zinazoonekana kama mtoto asiyetii, anayehitaji kufunzwa.

Ngazi hii haikuanzia saluni. Huko Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi, maofisa waliweza kuchomeka penseli kwenye nywele za mtu aliyetiliwa shaka. Ikianguka, aliweza kuhesabiwa Mzungu, ikinasa, hapana. Familia ziligawanywa kwa penseli. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991.

Nasi tusinyooshe kidole mbali. Katika shule nyingi za sekondari hapa Uganda wasichana hutakiwa kunyoa au kukata nywele ziwe fupi sana. Mara nyingi, binti mwenye asili ya Kiasia au chotara huachiwa zake, kwa maelezo kwamba hizo "zinachanika". Hiyo nayo ni kanuni ya aina za nywele, ingawa haina namba. Binti aliyenyolewa miaka sita huingia chuo kikuu na kuanza kuzifahamu nywele zake akiwa na umri wa miaka ishirini. Maneno ya kwanza anayopewa huwa na uzito mkubwa.

Kiswahili chetu je?

Wanafunzi wetu wengi hawakukinyonya Kiswahili kwa mama, wamekipata darasani. Kwa hiyo msamiati wao wa nywele ni ule tuliowapa sisi. Na tuliwapa lini? Tulipofundisha ngeli. Unywele na nywele ni mfano wetu wa siku zote wa ngeli ya U-ZI, na tukifika kwenye vivumishi tunawaandikia ubaoni: nywele nzuri, nywele laini, nywele ngumu. Mwanafunzi hujifunza upatanisho wa kisarufi, na papo hapo hujifunza kwamba laini hukaa upande wa nzuri.

Maneno mengine pia yana makovu. "Nywele za singa" husemwa kwa sifa. "Nywele za kipilipili", ambalo kwa picha yake ni jina zuri la vishungi vidogo mithili ya punje za pilipili, husemwa mara nyingi kwa dharau. Katika Luganda, "kaweke" nalo limetumika kwa dhihaka, ingawa siku hizi vijana wengi wanalitaja kwa fahari. Kitenzi "kunyoosha" kina jirani yake "mnyoofu", mtu wa haki, na anayenyoosha nywele huonekana kama anayerekebisha kosa.

Lakini lugha hii ina hazina pia. Tunasema "kufuga nywele", na maana yake ni kuziacha zikue na kuzitunza, si kuzibadili umbo. Tunasema kusuka, kusokota, kufumua, kuchana. Vyote hivyo ni vitenzi vya mikono na kazi, na havimhukumu mtu. Tunasema hata "kuchoma nywele kwa kitana cha moto", na anayesikia anajua ni nini kinachofanyika.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. La kwanza, istilahi ya joto isitafsiriwe kwa "kufunza" wala "kuzoeza". Tuseme "kulegeza mkunjo kwa joto". Maneno haya yanataja tendo, kifaa na matokeo. Hayamsifu anayelifanya wala kumlaumu.

La pili, namba na herufi zikitokea katika matini ya kutafsiriwa ziachwe kama zilivyo, kwa kuwa ni alama za kibiashara ambazo mnunuzi anazitafuta. Lakini katika maelezo yetu wenyewe tutumie majina: nywele zilizonyooka, za mawimbi, za kujikunja, za kujisokota, za kipilipili. Jina la mwisho tulitumie bila kucheka, na bila kuomba radhi. Neno halisafishwi kwa kufichwa.

La tatu, tubadili mifano ya ubaoni. Upatanisho wa ngeli ya U-ZI unafundishika vilevile kwa nywele fupi, nyingi, nyeusi, zilizosukwa. Hatutapoteza kanuni hata moja ya sarufi. Tutakachopoteza ni somo jingine ambalo halimo kwenye mtaala, na ambalo tumelifundisha kwa ufanisi mkubwa.

Walimu na wanafunzi wenye istilahi bora zaidi, hasa kutoka lugha za kwao, wanakaribishwa kutuletea ili tuzijadili katika toleo lijalo.