Pengo la Sauti: Mbilia Bel, Faya Tess na Msikilizaji wa Kiswahili

Ni nadra katika muziki wa Kongo kupata sauti mbili zilizotangamana kama zile za Tabu Ley Rochereau na Mbilia Bel, walipokuwa pamoja katika Afrisa International miaka ya 1980. Utangamano huo umezoeleka kuelezwa kwa ndoa yao: walipendana, kwa hiyo waliimba vizuri. Hoja hii ni nyepesi. Wanandoa wengi wameimba pamoja na hawakumsisimua mtu.

Siri imo katika sauti zenyewe. Tabu Ley hakuwa na sauti nzito ya kiume ambayo mwimbaji wa kike angeweza kuiegemea. Yake ilikuwa ya juu na laini, karibu na ya Mbilia Bel mwenyewe. Walipopokezana, mpaka baina ya anayelalamika na anayelalamikiwa ulififia. Katika "Mpeve Ya Longo", Mbilia Bel alivaa nafsi ya mke aliyetelekezwa na watoto wake, na wanawake wengi wakamsikia kama msemaji wao.

Hata hivyo, umati wa wasikilizaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala haukujua Kilingala. Wimbo "Nakei Nairobi" uliwapa jina la mji wanaoujua. Mengine waliyasoma katika mkato wa pumzi, katika namna sauti moja ilivyochelewa kidogo kabla ya kuijibu nyingine, na katika subira ya kungoja sebene. Yaani kilichohifadhiwa akilini hakikuwa maneno. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa nyimbo, ambao mara nyingi huanza na kuishia kwenye matini.

Mwishoni mwa muongo huo Mbilia Bel aliondoka, akashirikiana na mpiga gitaa Rigo Star katika albamu ya *Phénomène*. Faya Tess ndiye aliyesimama kando ya Tabu Ley. Maneno ya nyimbo hurithika. Mkato wa pumzi haurithiki. Kwa hadhira iliyoshika sauti pasipo maneno, mwimbaji mpya alikuwa mgeni tangu ubeti wa kwanza, hata angeimba bila dosari.

Lugha nayo ilimhukumu. Kiswahili husema "kuziba pengo", na pengo huwa na umbo la jino lililong'oka. ("Kuvaa viatu vya fulani", usemi uliokopwa kwa Waingereza, hauna huruma zaidi.) Anayeziba pengo hupimwa kwa kipimo cha mwingine kabla hajafungua kinywa.

Tabu Ley mwenyewe aliepuka kipimo hicho. Mwaka 1963 yeye na Dokta Nico waliiacha African Jazz ya Joseph Kabasele, wakaunda African Fiesta: bendi mpya, jina jipya, nyimbo mpya. Faya Tess aliingia katika bendi ileile, kando ya mwanamume yuleyule, mbele ya watu waliokuwa bado wanamngoja mwingine.