Mkasi wa Buyenzi

Mchanganyiko wa Bujumbura husifiwa kana kwamba ulijizukia tu kwa watu kuishi jirani. Lakini kaa barazani kwa fundi cherehani wa Buyenzi, hasa siku za kuelekea Idi, utaona kwamba kuna watu waliojifunza kuutengeneza kwa mikono yao, na kwamba sentimita mbili zatosha kuuharibu.

Wajerumani waliweka boma Usumbura mwishoni mwa karne ya 19. Wabelgiji wakalitwaa mwaka 1916, na uhuru ulipopatikana mwaka 1962 mji ukaitwa Bujumbura. Wabelgiji waliupanga mji kwa kutenganisha: Wazungu kwao, Wahindi na Waarabu kwao, na Waswahili, wengi wao Waislamu wenye asili ya Manyema, Ujiji na kwingineko, wakapewa Buyenzi, mtaa wa barabara zilizonyooka zinazoitwa kwa namba. Huko ndiko fundi alikoweka cherehani yake ya miguu. Kitenge anacholetewa hununuliwa kwa yadi. Mwili anaupima kwa sentimita. Futi yake ya utepe ina vipimo viwili, huku inchi na huku sentimita, naye huigeuza bila kuitazama.

Kanzu ndiyo inayomfichua fundi mbovu. Kwa mbali ni nguo nyeupe iliyonyooka, basi. Kwa karibu ina badani ya mbele na ya nyuma, taharizi za ubavuni zinazoipa upana, na kikwapa, kipande kidogo kinachoshonwa chini ya mkono. Kikwapa hakuna anayekitazama. Kikiwa kifinyu, mvaaji akiinua mikono kwa takbiri kanzu nzima hupanda, na akirukuu humvuta mgongoni. Kwa hiyo fundi hukishikiza kwanza kwa bandi, nyuzi ndefu za mkono, kisha humwambia mteja ainue mikono, ainame, ainuke. Akiridhika ndipo hukipitisha kwenye cherehani na kuzifumua bandi. Shingoni hutia kaba kwa ndani pasije pakalegea, na juu yake ndipo darizi inapokaa.

Kitenge kina sheria nyingine. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine katika karne ya 19, wakapata soko Afrika. Kiwanda cha Vlisco cha Helmond, kilichoanzishwa 1846, bado kinachapa. Bujumbura nayo ilikuwa na kiwanda chake, COTEBU, kilichotumia pamba ya Burundi. Yadi sita hutoa vazi kamili la Kikongo: blauzi, sketi na kipande cha kujifunga. Fundi hutandaza kitambaa chote, na mkasi haugusi mpaka ajue ndege wa kwenye nakshi wanaelekea wapi.

"Fundi, ndege wangu wasiangalie chini," mama anamwambia.

"Wataruka, mama. Ila huyu wa kifuani nitamhamishia mgongoni, hapa mshono utamkata kichwa."

Kisha hupanga mikono, rangi za kulia zijibu za kushoto. Vinavyobaki huwa kilemba, au gauni la mtoto.

Imvutano, vazi la heshima la Warundi kwenye harusi, hudai ustadi wa kinyume: kushona kidogo. Kitambaa chepesi kinachofungwa begani lazima kishuke chenyewe, na uzi ukizidi hukakamaa. Fundi hupiga pindo jembamba lililokunjwa mara mbili, akaishia hapo.

Mtihani huja pale bibi harusi wa Buyenzi anapotaka vyote: imvutano mbele ya wazee, mikono na kifua visitirike kwa kuwa ni Mwislamu, tena rangi ipatane na vitenge vya shangazi zake. Fundi hamwambii achague. Humshonea blauzi ya ndani ya mikono mirefu, shingo imepanda, imebana kiasi cha kutovimba chini ya kitambaa. Na mshono wa begani huusogeza nyuma kidogo, fundo la imvutano lisije likakalia uvimbe. Akimaliza, mgeni haoni palipounganishwa.

Kazi hii haina kinga. Soko kuu la mji liliungua tarehe 27 Januari 2013, likateketea pamoja na mali za wafanyabiashara. Leo fundi anashindana na mitumba na kanzu za viwandani, na bei za bidhaa hizo hawezi kuzifuata. Kiwanda lakini hushonea mtu wa wastani. Bibi harusi yule hakimjui. Anayebishania bei ya ushonaji Buyenzi na ajue analipia nini. Uzi na saa ni sehemu ndogo. Kubwa ni kujua mahali desturi tatu zinapoweza kukutana bila hata moja kuona imedharauliwa.