Nywele za Lupita, ngozi yako

Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o, mwigizaji wa Kenya, kwenye jalada, nywele zikiwa zimepunguzwa kwa kompyuta na kulainishwa. Lupita akaziweka picha halisi Instagram. Mpiga picha, An Le, akakiri kosa; jarida likaomba radhi, likisema halikuagiza kitu.

Msamaha huo haunitoshi. Unalifanya jambo lionekane kosa la mtu mmoja (na mhariri alikuwa wapi?). Sasa njoo hapa Mwanga au Ujiji. Simu kibao zina kamera yenye sehemu ya urembo, nyingine imewashwa tangu dukani. Programu inachukua kila nukta ya ngozi na kuipa wastani wa rangi za nukta jirani, basi vinyweleo, makovu na mikunjo vinapotea. Nyingi zinang'arisha pia. Yaani weusi wa ngozi umetiwa kapu moja na chunusi! Dada anayejipiga selfi ufukweni Kibirizi hakuomba hayo, na hana An Le wa kumdai.

Lupita alikuwa na picha halisi za kulinganisha. Simu ikishalainisha, mara nyingi ile ya asili haihifadhiwi popote.