Mgiriki wa Khartoum na Somo Tunaloletewa

Kuna hadithi moja inayopendwa sana na waandishi wa habari na watu wa mashirika. Ni ya Panagis Pagoulatos, Mgiriki wa kisiwa cha Kefalonia, aliyefika Khartoum, Sudan, miaka ya 1940, wakati kwao vita vimeharibu kila kitu. Alianza na kazi ya ofisini, na mwaka 1952 akafungua hoteli, akaiita Acropole. Hoteli ile iliishi miaka 71.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Muganza. Hadithi za namna hii tunaletewa karibu kila semina: mtu alifika mikono mitupu, akajituma, akawa bosi, basi na nyinyi jitumeni. Hii ya Pagoulatos nimeifuatilia kwa simu, makala moja baada ya nyingine. Naona inasimuliwa vizuri, lakini nusu.

Sehemu yake tamu ni hii. Mchana mzee alifanya kazi kwa serikali ya Waingereza, jioni akashika hesabu za kampuni binafsi. Baadaye akafungua klabu ya usiku, tena mbele ya jumba la gavana! Gavana akachoka na kelele, klabu ikafungwa. Wasimuliaji wanacheka hapo, wanapita. Mimi nasimama hapo hapo. Mgeni amemkera mkubwa wa nchi mlangoni pake, biashara imekufa, lakini hakufukuzwa mjini. Alifungua duka la pombe, kisha hoteli. Yaani aliruhusiwa kushindwa na kuanza tena.

Linganisha na kwetu. Msichana mmoja wa kikundi chetu alianza kuuza mandazi kwa mtaji mdogo aliopewa. Mvua ikamharibia unga, akashindwa kurudisha, na jina lake halikuonekana tena kwenye orodha ya mtaji. Mara moja tu, imekwisha. Sasa huyo ukimwambia habari ya Mgiriki aliyejituma, unamfundisha nini? Kujituma alijituma.

Kitu kingine kinachorukwa ni makaratasi. Pagoulatos alikuwa Mzungu katika nchi iliyotawaliwa na Wazungu. Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956. Kazi ya serikali ilikuwa wazi kwake kuliko kwa Wasudani wengi wenyewe. Na hakuwa peke yake: Khartoum tayari ilikuwa na Wagiriki wengi, na mmoja wa matajiri wakubwa wa Sudan, Gerasimos Contomichalos, alitoka kisiwa kile kile cha Kefalonia. Simwondolei mzee bidii yake. Nasema bidii ilikuta mlango haujafungwa. Hapa Rwanda sheria inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na hilo ni kubwa, kuna nchi nyingine hazitoi. Lakini bado unaenda kuomba kazi, mwenye duka anageuza kitambulisho chako mara mbili, eti rudi kesho.

Tatu, watu. Panagis alifariki mwaka 1967. Kama hadithi ingekuwa ya mtu mmoja shujaa, ingeisha hapo. Iliendelea kwa sababu ya mke wake, Flora, Mgiriki wa Aleksandria huko Misri, na wana wao watatu, Athanasios, George na Gerasimos. Mwaka 1983 Rais Nimeiri akapiga pombe marufuku. Hoteli ikabaki na vitanda, chakula na huduma. Njaa kubwa ya 1984 na 1985 ilipokuja, mashirika na waandishi walijaa pale, wakala pale, wakafanyia kazi pale. Ndiyo maana Acropole inajulikana: waliokula mezani ndio walioandika. Waliopika na kuosha sahani hawakuandika.

Tarehe 15 Mei 1988 bomu lililipuka kwenye chumba cha kulia cha hoteli hiyo. Walikufa watu saba: Waingereza watano, wakiwemo mume na mke waliofanya kazi ya misaada pamoja na watoto wao wawili, na Wasudani wawili. Majina ya Waingereza unayapata haraka. Ya wale Wasudani wawili unatafuta mpaka bando linaisha. Hili si kosa la familia ya Pagoulatos. Wao walifungua tena jengo la ng'ambo ya barabara na kazi ikaendelea. Ni kosa la wasimuliaji, na sisi wa kambini tunalijua, kwa sababu kwenye taarifa nyingi sisi ni idadi.

Kisha mwisho wake. Vita vilianza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, katikati ya mji, karibu kabisa na hoteli. Familia na wageni wao walikwama ndani siku kadhaa bila umeme, maji yakiwaishia. Athanasios, mzee wa miaka 79, alitoka akaacha mji alioishi maisha yake yote, akafika Athens. Baba alikimbia taabu ya Ulaya, mtoto akakimbia vita vya Afrika. Hapa ndipo hadithi inakuwa yetu kweli. Wale wa bondeni Uvira na Kamanyola waliokuwa na duka, na leo wanapanga foleni ya maharage, hawakuwa wavivu. Athanasios naye hakuwa mvivu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na nchi ya kumpokea kama mwenyeji.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, msiache kutuletea hadithi hii, ni nzuri. Ileteni nzima. Semeni nani alimpa kazi ya kwanza, nini kilitokea biashara ilipokufa, mke alifanya nini, na nani alikuwa jikoni. Na nyinyi vijana, mkiletewa mtu aliyefaulu, ulizeni maswali hayo manne kabla ya kupiga makofi. La pili ndilo nitauliza mimi mwenyewe kwenye semina ijayo, kwa sababu yule msichana wa mandazi atakuwa amekaa pale anasikiliza.