Mlango Usiomjua Mpita Njia: Usanifu wa Majengo Njombe na Makambako

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Methali hii huwaonya watu wasihadaike na sura ya nje, na kwa maana hiyo haina mpinzani. Lakini liko swali ambalo haikulijibu. Mwenye nyumba huingia ndani, na mgeni wake hukaribishwa; mpita njia je? Kwake yeye, ambaye huenda maisha yake yote asivuke kizingiti kile, nyumba ni mlango, ni ukuta, ni kivuli kinachoanguka njiani, ni maji ya bati yanayomrukia masika. Na mji una wapita njia wengi kuliko wenye nyumba.

Swali hilo ndilo linalostahili kuulizwa kila zinapopimwa kazi za wanafunzi wa usanifu majengo Tanzania. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kilichokuwa chuo kishiriki tangu 1996 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, kimewalea wasanifu wengi wa nchi. Siku hizi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya nacho hufundisha fani hiyo, karibu zaidi na Nyanda za Juu Kusini. Mwanafunzi hupewa kiwanja akatakiwa kuchora soko, stendi, maktaba au nyumba za kupanga, na aghalabu maelezo ya mchoro wake huahidi kuliunganisha jengo na maisha ya mji. Ahadi ni njema. Taabu yake ni kwamba mji wenyewe hauulizwi unaishije.

Makambako na Njombe ni mizani nzuri ya kuipimia ahadi hiyo, kwa kuwa si miji ya pwani wala haina kaida ya Dar es Salaam.

Makambako ni mji uliokuzwa na njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, na ya Njombe na Songea inachepuka hapo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, hufika hapo baada ya kupanda milima kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki mengi. Kila apitaye Makambako ana haja: dereva anataka chakula, abiria anataka mahali pa kujisitiri, mkulima anataka mnunuzi wa mahindi yake.

Stesheni kubwa za TAZARA zilijengwa kwa zege na kumbi pana, nazo zinampa msafiri heshima yake. Lakini treni za abiria ni chache kwa wiki, na siku isiyo na treni ukumbi wa stesheni hauna neno la kuuambia mji. Wakati huohuo, kando ya lami, ambako hakuna msanifu aliyeitwa, watu wanauza, wanakula, wanasubiri na kuagana. Jengo lililofikiriwa sana linatumika kwa saa. Mahali pasipofikiriwa kabisa panatumika kutwa.

Na hapo kando ya lami pana fumbo ambalo mwanafunzi hana budi kulifumbua. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kwa kupima kutoka katikati ya barabara. Maana yake ni kwamba nyumba mbili zinazotazamana zaweza kutenganishwa na mita 60 ambazo kisheria hazina nyumba. Lakini si mita tupu. Ndimo alimo mama ntilie na masufuria yake, ndimo lilimo genge la viazi na parachichi, ndimo kilimo kijiwe cha bodaboda. Mji unaishi hasa pale ambapo sheria inasema pasijengwe, na wenye kuishi hivyo hulala wakijua kwamba alama nyekundu ya X inaweza kuwakuta asubuhi.

Mchoro wa darasani huzipaka mita hizo rangi ya kijani na kuziita bustani. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, kwani umewafuta watu kwa brashi kabla hata tingatinga halijafika. Msanifu hawezi kuibadili sheria. Hilo lazima likubaliwe kwa haki. Lakini kuna mengi yaliyo ndani ya kiwanja chake. Anaweza kuchora upenu mpana kwenye mpaka wa hifadhi, bomba la maji na choo kinachofunguka upande wa barabara, na chumba cha kuwekea bidhaa usiku, ili meza za wauzaji ziwe za kuhamishika na mtaji wao uwe na mlango wenye kufuli. Hayo hayapendezi sana kwenye karatasi. Ndiyo, hata hivyo, yatakayomfanya muuzaji aseme jengo lile ni jirani yake.

Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi kuelekea kusini, inatoa mtihani wa namna nyingine. Mji huu, ulio makao makuu ya mkoa tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2012, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Chai hustawi huko, na mashamba ya miwati na misindano yamezunguka vilima. Msomaji wa pwani, akiulizwa nyumba huunganishwaje na mtaa, atajibu bila kusita: kwa baraza. Na atakuwa amesema kweli ya kwao. Baraza za Mji Mkongwe, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimewakalisha watu kivulini katika vichochoro vyembamba, ambako joto ndilo adui na upepo ndiye mgeni anayengojewa.

Ipeleke baraza hiyohiyo Njombe mwezi wa Julai, uiweke kivulini, na jiwe lile litakuwa adhabu. Mtu wa Njombe asubuhi hutafuta jua na kuukimbia upepo. Mji uko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Katika miezi ya baridi jua la adhuhuri huegemea kaskazini, na kusi, upepo uleule wanaoujua manahodha, huvuma kutoka kusini-mashariki. Basi kikalio cha Njombe kingepaswa kuipa kusi mgongo na kulitazama jua la kaskazini, chini ya upenu usioizuia miale ya Julai lakini unaoikinga mvua ya Januari. Tofali la kuchoma, ambalo huko ni la kawaida, hupokea joto la mchana na kulitoa polepole; ukuta wake uliopigwa na jua ni kiti kizuri cha kuegemea. Huyo ndiye ndugu wa baraza. Kuiga umbo la pwani ni kuisahau sababu yake, na kuiga vioo vya Dar es Salaam ni kuwaachia baridi wapita njia na wenye nyumba pia.

Kwamba jambo hili linawezekana, ushahidi upo. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu wa mwanzo wa Kiafrika katika Afrika Mashariki, alilichora Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege lilikaa kama miavuli iliyopinduliwa, likifunika mauzo na kukusanya maji ya mvua kwa pamoja. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, na huzuni iliyofuata ilikuwa ya watu ambao wengi wao hawakulijua jina la msanifu. Hiyo ni sifa isiyonunulika. Visiwani nako, majumba ya Michenzani, yaliyotokana na mpango wa mji wa 1968 uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yaliwapa watu maji, umeme na paa imara. Lakini urefu wake uliukata mtaa uliokuwa ukizungumza nyumba kwa nyumba, na ilibidi wakaazi wenyewe warudi chini kuyatafuta mazungumzo hayo. Nia njema ilikuwako. Kilichokosekana ni sikio.

Kwa hiyo mchoro wa mwanafunzi na usomwe kama linavyosomwa shairi. Vina na mizani ni sharti, kwani nyumba inayoanguka ni guni lisilo na udhuru. Lakini mashairi mengi yametimia vina na mizani, na hakuna anayeyakumbuka. Katika michoro ya siku hizi, inayokamilishwa kwa kompyuta, pako mahali padogo panapofichua yote: watu waliowekwa mbele ya jengo kama mapambo. Hutembea mikono mitupu, viatu safi, hawana haraka. Hakuna aliyebeba gunia la viazi, hakuna mwenye mtoto mgongoni na blanketi juu yake, hakuna aliyechuchumaa akiota jua. Mwanafunzi atakayemchora mbeba gunia, kisha akajiuliza atalitua wapi, atakuwa ameanza kazi yenyewe.

Makambako na Njombe bado inajengwa. Kila fremu mpya ya duka na kila stendi ni ubeti unaoandikwa kwa zege, na zege halifutwi kwa kifutio. Walimu wanaotoa alama kwa uzuri wa sura ya mbele wanapaswa kujua kwamba wanagawa pia baridi, jua na mahali pa kutua mzigo, kwa watu ambao hawatahudhuria kikao cha kutetea mchoro.