Jiwe la Mwili na Jiwe la Moyo: Tafakuri Juu ya Hadithi Moja ya C. S. Lewis

Tangu Wagiriki wa kale waliposimulia habari za Medusa, ambaye kila aliyemtazama usoni aligeuka jiwe, wasanii hawajaacha kuitumia picha hiyo. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja: aliyegeuzwa jiwe akirudishiwa uhai, ni nani aliyelipa gharama?

Tuanze na michezo. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ulimweka Medusa miongoni mwa adui za wachezaji. Kanuni zake za mwaka 1978 zilikuwa na uganga wa kuligeuza jiwe kuwa nyama tena; hata hivyo kete zilirushwa ili ijulikane kama mwili umestahimili mshtuko, na ulioshindwa ulikufa. Katika michezo ya kompyuta ya Final Fantasy, iliyoanza Japani mwaka 1987, mara nyingi hali hiyo huondolewa kwa dawa inayonunuliwa dukani. Hatuwalaumu watungaji, maana mchezo sharti uendelee. Lakini hapo jiwe limekwisha kuwa usumbufu mdogo tu, na uponyaji wake ni bidhaa.

C. S. Lewis, katika kitabu chake cha watoto The Lion, the Witch and the Wardrobe cha mwaka 1950, aliona mbali zaidi. Mchawi Mweupe anayeitawala Narnia huwageuza wapinzani wake kuwa mawe. Tumnus, kiumbe aliye nusu mtu nusu mbuzi, anapatwa na adhabu hiyo kwa sababu alikataa kumsaliti mtoto Lucy. Wakati huohuo Edmund, kaka yake Lucy, anawasaliti nduguze naye anatembea akiwa mzima wa mwili. Mwenye moyo wa nyama amekuwa jiwe, na mwenye moyo wa jiwe yungali katika nyama. Katika ua wa Mchawi Edmund anamwona simba wa jiwe. Akidhani ni Aslan, anamchora masharubu na miwani kwa kalamu ya risasi. Hatuna budi kukiri kwamba dhihaka hiyo inatisha kuliko fimbo ya Mchawi.

Baadaye, msituni, Mchawi anawakuta wanyama wadogo wakila karamu. Edmund anamsihi asiwadhuru, lakini wanageuzwa jiwe mezani pao. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza anamhurumia mtu asiyekuwa yeye mwenyewe. Msomaji wa Ezekieli 36:26 atatambua mara moja kilichotukia: moyo mmoja umeanza kulainika.

Hata hivyo Lewis hakuiacha huruma hiyo iwe wokovu. Aslan anakufa badala ya Edmund juu ya Meza ya Jiwe, iliyochorwa maandishi ya kale, nayo meza inapasuka vipande viwili. Ndipo anapokwenda kuwapulizia pumzi walio uani. Kwetu sisi tuliofundishwa kupambanua Sheria na Injili, mpangilio huu si wa bahati tu: jiwe la kwanza kuvunjika ni lile lililodai damu. Dietrich Bonhoeffer alionya mwaka 1937 juu ya neema isiyo na gharama. Dawa ya dukani ni mfano wake mzuri.

Pamoja na sifa hizo, tunaona upungufu mmoja. Jitu Rumblebuffin linapoamka linadhani lilikuwa usingizini tu, na mara moja linauliza Mchawi yuko wapi. Lewis hatuelezi uchungu wa miaka iliyopotea. Katika huduma yetu ya kichungaji tumewaona watu waliofanywa mawe na msiba au na ukatili. Wanaporudi kwa wenzao, hawarudi kama walioamka asubuhi. Hapa zile kete za mwaka 1978, ijapokuwa ni za mchezo, zilikumbuka kwamba kurudi nako kuna mshtuko.

Hivyo tunawasihi watakaokitumia kitabu hiki katika mafundisho ya vijana wasiishie kwenye furaha ya pumzi ya Aslan. Wawaulize pia ni nani aliyeishika ile kalamu, na wakae kwa uvumilivu pamoja na wale ambao miguu yao bado ni mizito.